Fundi kaandika laki nne kwa kompyuta ya zamani: nitengeneze au ninunue nyingine?

Swali: Habari za kazi, fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dodoma, na jioni nasoma shahada ya uzamili. Natumia HP EliteBook 840 G3 niliyoinunua ikiwa imeshatumika mwaka 2020. Sasa imechoka. Betri inakaa kama nusu saa tu, kuwaka inachukua dakika tano, feni inavuma kama mashine ya kusaga, vibonye vitatu vya kibodi vinagoma, skrini inalegea na kuanguka nyuma, na chaja mpaka uichezeshe ndipo ishike. Fundi wa hapa kaniandikia hivi: betri 110,000, SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256 90,000, kibodi 70,000, bawaba 60,000, tundu la chaja 45,000, kusafisha feni 25,000. Jumla 400,000. Ndugu yangu aliyeko Kariakoo ananiambia niachane nayo, nichukue 840 G5 iliyotumika kwa 720,000. RAM yangu (kumbukumbu ya kazi) ni GB 8. Nahitaji mashine itakayonifikisha mwisho wa utafiti, mwaka na nusu hivi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, salama kabisa, na ahsante kwa kuandika bei moja moja. Wengi huniletea jumla peke yake, na jumla haisemi kitu. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba utengeneze, lakini usilipe laki nne. Na kabla hujatoa hata shilingi kuna vipimo vya bure. Vikifeli, ushauri wa ndugu yako ndio utakaobaki.

Kwanza tuelewane kuhusu kinachochakaa. Betri, kibodi, feni, bawaba na diski ni vitu vya kuchakaa. Vimetengenezwa vikijulikana kwamba vitaisha kabla ya mashine yenyewe, na mashine za ofisini kama yako zilisanifiwa zifunguliwe. Mfuniko wa chini unatoka kwa bisibisi ya kawaida ya nyota, na betri imeshikwa kwa skurubu, haikubandikwa kwa gundi. Mashine yenyewe hasa ni bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita mazabodi, pamoja na prosesa iliyochomelewa juu yake. Bodi ikiwa nzima, una mashine yenye viungo vilivyochoka. Bodi ikiwa mbovu, kila spea unayoinunua unaiweka kwenye gari lisilo na injini. Kwa hiyo cha kuulizwa mwanzo ni hali ya bodi, na katika orodha ya fundi wako sikuona mahali bodi ilipopimwa.

Kabla ya kupima, hamisha kazi zako. Usisubiri wikendi. Diski inayochukua dakika tano kuwasha mashine inaweza kuwa nzima na polepole tu, maana hizo za kuzunguka ndivyo zilivyo, lakini pia inaweza kuwa inasoma sehemu mbovu mara kumi kumi kabla ya kukata tamaa. Nakili data za utafiti, alama za wanafunzi na nyaraka zako kwenye diski ya nje, na zile za utafiti uziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nakala moja haitoshi kwa kazi ya miaka miwili. Ukishamaliza, toka kwenye akaunti zako za barua pepe na benki, kwa sababu mashine inaweza kulala kwa fundi.

Sasa vipimo. Zima mashine, iwashe huku ukigonga Esc mfululizo, na orodha ikitokea bonyeza F2. Hapo kuna programu ya HP ya kupima vifaa, na inafanya kazi nje ya Windows. Pima kumbukumbu na diski, kisha betri. Kipimo kirefu cha kumbukumbu kinachukua muda, kwa hiyo kiache kiende wakati unasahihisha madaftari. Kumbukumbu ikifeli si msiba, kwa kuwa RAM inabadilishwa. Diski ikifeli, umejua kwa nini mashine inakawia.

Kisha ndani ya Windows, andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia, ufungue dirisha jeusi, uandike powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Mashine itakuonyesha ilikohifadhi ripoti. Ifungue kwa kivinjari. Tafuta mstari wa DESIGN CAPACITY, ambao ni ujazo wa betri ilipotoka kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni ujazo inaoweza kubeba leo. Betri ya mashine yako ilitoka na kama mWh 46,500 (mWh ni kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi). Ukiona leo inabeba 14,000 au 15,000, maana yake imebaki theluthi, na hiyo nusu saa yako inaelezeka. Ukiona bado inabeba 35,000 lakini inazima baada ya nusu saa, simama hapo. Tatizo linaweza kuwa kwingine, na betri mpya haitalitibu.

Wakati uko hapo, weka mashine juu ya meza iliyonyooka. Inakaa sawa au inayumba? Sehemu ya kugusa ya kusogezea kishale imeinuka, au imekuwa ngumu kubonyeza? Kama ndiyo, betri imevimba, na mambo yote mengine yanasubiri. Zima mashine, usiichaji tena, usiibonyeze ili irudi, na ipeleke ikatolewe. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto ikitobolewa au ikikandamizwa. Usiitupe jalalani pia, kwa kuwa taka zetu mara nyingi huchomwa. Mwachie fundi anayekusanya betri chakavu.

Kipimo cha bodi chenyewe ni rahisi, ila kifanyike mbele ya fundi. Mwombe afungue mfuniko, achomoe betri, na mashine iwashwe kwa chaja peke yake, chaja nzima inayojulikana. Itafanya kazi polepole kidogo bila betri, hilo usijali. Iache icheze video kwa saa moja. Ikizima ghafla, ikijiwasha upya yenyewe, au skrini ikijaa mistari hata usipoigusa, hiyo ni bodi. Wakati huohuo mwambie amulike ndani kwa tochi. Sehemu ambayo chai au maji yaliwahi kuingia huonyesha unga mweupe au wa kijani kwenye miguu ya vijenzi vidogo. Ukiona unga huo karibu na tundu la chaja au chini ya kibodi, mimi nisingeweka pesa hapo. Kutu hiyo haisimami, na vibonye vyako vitatu huenda ndivyo dalili yake ya kwanza.

Na fundi akikuambia bodi ina hitilafu lakini ataipiga joto irudi, kataa. Kupasha chipu kwa mashine ya hewa moto huamsha mashine kwa wiki au miezi, halafu inarudi palepale, na mara hiyo inarudi na pesa yako ikiwa ndani. Kuna mafundi wanaobadilisha kijenzi kilichoungua baada ya kupima kwa multimita na kujua ni kipi, na hao nawaheshimu sana. Kupiga joto kwa kubahatisha ni jambo jingine.

Tuseme bodi imepita. Sasa rudi kwenye orodha, tuipitie kwa jicho la mtu anayelipa.

Tundu la chaja, 45,000. Hilo lisubiri. Chaja ya mashine yako ina kichwa chenye rangi ya bluu, na katikati yake kuna pini nyembamba. Pini hiyo haipitishi umeme wa kuendesha mashine. Kazi yake ni kuiambia mashine hii ni chaja gani na ina nguvu kiasi gani. Pini ikipinda, waya wake ukikatika karibu na kichwa, au chaja ikiwa ya bandia, mashine inawaka kama kawaida lakini betri haichaji, na prosesa inapunguzwa kasi makusudi. Mtu anaona mashine nzito isiyochaji, anabadilisha tundu, na tatizo linabaki. Azima chaja nzima ya mwenzako yenye kichwa kama hicho uitumie siku mbili. Ikishika bila kuchezeshwa, nunua chaja. Ikiendelea kulegea, basi tundu kweli limechoka. Hata hapo muulize fundi kama linatoka kwa waya wake au limechomelewa kwenye bodi, kwa sababu la waya ni kazi ndogo na bei ifanane na kazi.

Bawaba, 60,000. Umbo la EliteBook ni la chuma, na mara nyingi kinacholegea ni skurubu zinazoshika bawaba. Zenyewe huwa hazijavunjika. Mwombe azikaze wakati mfuniko uko wazi kwa ajili ya betri. Angekuwa na mashine ya plastiki mtu mwingine ningesema tofauti, kwa kuwa huko bawaba ikikaza hung'oa vishikizo vyake vyote. Kwako, kitu kimoja tu kingenitia wasiwasi, nacho ni skrini kupepesa unapoisogeza. Waya wa skrini hupita kwenye bawaba, na kulegea kwa muda mrefu huukwangua.

Kibodi, 70,000. Hili unaweza kuliahirisha. Kama vibonye vilivyogoma ni vya pembeni usivyovigusa sana, kibodi ya nje ya USB pale unapoandikia utafiti inatosha, na itakufaa hata kwenye mashine nyingine. Kama ni herufi A au E, basi badilisha. Anza kwa kumwambia fundi apulize vumbi chini ya vibonye hivyo. Kwa vumbi la Dodoma, nimeona vibonye vingi vikirudi kwa hilo tu.

Kusafisha feni, 25,000. Lipa bila kubishana, ila hakikisha unapata kazi kamili. Kupuliza kwa nje hakutoshi. Afungue feni, atoe ule mkeka wa vumbi unaoziba mapezi ya kupoza joto, afute pesti ya zamani ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, aweke mpya. Wakati wa kupuliza aizuie feni kwa kidole isizunguke ovyo, maana kuizungusha kwa nguvu ya hewa kunaweza kuiharibu. Prosesa yako ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza kasi ili isiungue, kwa hiyo sehemu ya uzito unaoulalamikia ni joto. Baada ya usafi, sikiliza. Feni ikiendelea kukwaruza hata ikiwa safi, beringi zake zimeisha, nayo ibadilishwe.

SSD, 90,000. Hii ndiyo pesa utakayoiona siku hiyohiyo. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachotembea kutafuta kila kipande cha faili, na Windows inapowaka inatafuta maelfu ya vipande vilivyotawanyika. SSD haina kinachotembea. Dakika tano zako zitashuka chini ya moja. Lakini sikiliza vizuri hapa, Mwalimu. Mashine yako ina nafasi mbili, ya diski ya inchi 2.5 na ya kijiti chembamba kiitwacho M.2. Mwambie fundi akuwekee M.2 ya NVMe yenye urefu wa 2280, asikuwekee ile ya inchi 2.5. Zote zitawasha mashine haraka, ila 840 G5 ya ndugu yako haina nafasi ya inchi 2.5 kabisa, wakati M.2 yako itaingia humo bila shida siku ukiamua kuhama. Na RAM yako ya DDR4 nayo itahama hivyohivyo.

Hapo ndipo ninapotaka ufanye hesabu kwa namna nyingine. Usilinganishe 400,000 na 720,000. Gawa pesa ya matengenezo mafungu mawili: itakayobaki ndani ya mashine hii siku ikifa, na itakayohama na wewe. SSD inahama. Betri haihami, maana ya G5 ni ya umbo jingine. Usafi hauhami. Kwa hiyo unachohitaji kulipa sasa ni betri, SSD na usafi, jumla 225,000, na kati ya hizo ni 135,000 tu zinazofungwa kwenye mashine ya zamani. Ukiitumia kwa miezi 18 uliyosema, ni 7,500 kwa mwezi. Hata ukiongeza kibodi baadaye, ni 205,000. Kwangu huo ni uamuzi mwepesi.

Na hiyo 720,000 nayo si bei kamili. G5 ilitoka mwaka 2018. Iliyotumika inakuja na betri iliyotumika, feni yenye vumbi la nchi nyingine na pesti iliyokauka. Inawezekana sana ukaanza kutafuta betri yake kabla hujamaliza utafiti.

Kuhusu betri, chunga unachouziwa. Mashine yako ni ya kizazi cha mwaka 2016, na betri ya lithiamu huzeeka hata ikiwa kabatini ndani ya plastiki yake. Anayekuambia ana orijino ya tangu enzi hizo anakuuzia kitu kizee. Ya kampuni nyingine iliyotengenezwa karibuni, yenye namba CS03XL inayolingana na ya kwako, ni bora kuliko hiyo. Ikishafungwa, toa ile ripoti tena ukiwa palepale dukani. Mizunguko ya kuchaji iwe sifuri au karibu na hapo. Namba za ujazo kwenye betri za bandia zinaweza kuandikwa uongo, kwa hiyo chaji ijae, chomoa chaja, fanya kazi nusu saa ukiwa umekaa kwa fundi. Ikishuka chini ya asilimia 75 kwa kuandika tu na kufungua kurasa chache, irudishe. Pata risiti yenye tarehe na muda wa dhamana kwa maandishi. Na usiseme utaishi kwa chaja bila betri. Umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi faili, unaweza kuipoteza faili yenyewe.

Limebaki jambo moja ambalo linaweza kugeuza jibu langu lote, nalo ni Windows. Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikaacha mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026. Windows 11 kwa prosesa za Intel inaanzia kizazi cha nane. Angalia namba ya prosesa yako: i5-6200U au i5-6300U, ile 6 ya mwanzo ndiyo kizazi. G5 nyingi zina i5-8250U au 8350U, kizazi cha nane, zinakubalika. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine kama yako, na mafundi wengi watakufanyia, lakini Microsoft haihakikishi masasisho kwa mashine hizo. Mimi nisingemwekea hivyo mtu anayefungulia benki humo.

Kwa hiyo jiulize unatumia programu gani. Kama ni kuandika, majedwali, kusoma PDF na mifumo inayofunguliwa kwenye kivinjari kama ESS ya watumishi wa umma, weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, inapata masasisho, na GB 8 zako zinaitosha. LibreOffice itafungua nyaraka zako za Word, ingawa zenye mpangilio mgumu zitahitaji kunyooshwa kidogo. Mwombe fundi akuonyeshe kwa flashi kabla ya kuiweka, ufungue sura moja ya utafiti wako uone inavyokaa. Lakini kama chuo kimekupa SPSS, programu ya takwimu, ya Windows na msimamizi anataka matokeo yatoke humo, basi umefungwa na Windows, na G5 inaanza kuwa na maana. Hilo ndilo ningemuuliza msimamizi wiki hii, kabla ya kwenda kwa fundi.

Ikitokea umeangukia upande wa kununua, mwambie ndugu yako aifungue G5 mbele ya muuzaji na aanze na F10 wakati wa kuwaka. Nyingi ya mashine hizi zilikuwa za makampuni, na zipo zenye nenosiri la BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ambalo muuzaji halijui. Ikidai nenosiri, aiache. Kisha atoe ripoti ya betri, na ujazo ukiwa chini ya nusu, bei ishuke kwa kiasi cha betri mpya. Aangalie pia kwamba namba ya prosesa inaanza na 8, asikubali kibandiko cha nje peke yake. Hiyo ya zamani usiitupe, hata kama bodi imekufa. RAM, skrini na chaja yake vina wanunuzi, na fundi wako wa Dodoma huenda akawa wa kwanza.